Siku Aleksanda Aliponuna

Jumatano. Mvua ya usiku kucha imekatika, huku machimbo ya dhahabu ya Osiri kote ni tope, na mimi tangu asubuhi nawaza mambo ya darasa la sita.

Mwalimu Akinyi alitufundisha historia kule Magunga. Mama yule! Vita alivifundisha uwanjani. Alinipa ufagio uwe mkuki wangu, akatangaza, "Huyu ndiye Aleksanda Mkuu, ja-Makedonia," kama vile Wajaluo tunavyomtaja mtu kwa kwao. Odhiambo, tuliyeketi naye dawati moja, akauliza kama Makedonia iko mbele ya Kendu Bay. Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Niliteka nchi zote. Nilipofika kwenye mtaro, ambao ulikuwa mto wa kule India, jeshi langu likagoma. Mwalimu ndiye aliyewanong'oneza: mvua imewachosha, wanataka makwao. Nikanuna. Akasema Aleksanda naye alinuna, akajifungia hemani, kisha akatoka akakubali kurudi. Siku hiyo nilimchukia. Leo ningempigia simu, lakini alishatutoka, na ninamkumbuka sana.

Leo asubuhi wachimbaji walisimama mdomoni mwa shimo, hakuna aliyegusa kamba. Mimi ndiye msimamizi wao, jakom wanavyoniita.

"Jakom, ukuta unatoa maji," Ouma akaniambia. "Leo hatuingii."

Mwenye shimo alikuwa akinipigia simu tangu alfajiri: watu waingie, la sivyo nimpishe mwingine. Nina watoto shuleni. Niliwakasirikia wote, nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya mashine ya kusaga mawe, uso nimeukunja. Hapo ndipo nilipokisikia kile kicheko cha Mwalimu.

Mtu mzima, baba wa watu, nimenuna.

Nilitoka nikawaambia waende nyumbani. Kufikia saa nne sikuwa na kazi.

Ningependa kuandika kwamba baadaye shimo liliporomoka, nikaonekana shujaa. Halikuporomoka. Nimepita pale jioni, bado liko vilevile, na huenda lingebaki hivyo hata wangekuwa ndani. Sitajua kamwe, na jambo hilo linaniuma kuliko kazi yenyewe.

Ila sasa hivi kila mmoja wao yuko kwake akingoja ugali. Ouma amepiga simu kuuliza kama nimekula.

Sijala. Nimemwambia nimeshiba.