Metre ya Muzee Bila Doa

…na robe yenyewe, gauni langu la arusi, Papa, ilikuwa nyeupe kama maziwa ya Masisi, ila ngoja kwanza nikuambie ya metre.

Nimeolewa! Naandika neno hilo kisha nalitazama tena. Ndiyo, ni Heritier, yule yule muuza vitenge wa Birere uliyemtania kwamba anapima kitambaa huku akinitazama mimi. Asubuhi ananiletea chai, anaimba vibaya kabisa, nami nacheka peke yangu jikoni kama mutoto. Ungetuona, Papa!

Lakini mama yake. Unajua ni kiongozi wa akina mama wa parokia, mutu wa misa ya kila asubuhi. Wewe ulikuwa umeshatuacha alipojua kwamba baba yangu ndiye aliyeigiza Muzee Bila Doa, yule wa kuchekesha kwenye televizyo. Akasema: «Mutoto wa ule muzee wa kuchekelea Kanisa? Hapa kwangu, hapana.» Nililia sana. Niliona uchungu kwamba huwezi tena kujitetea, na mimi sikujua kukutetea.

Ningemwambiaje? Kila Jumapili mangaribi jirani zetu walijaa sebuleni kukutazama kwenye televizyo, umesimama mlangoni mwa kanisa, metre ya fundi wa nguo shingoni, ukipima sketi za wasichana huku pantalo yako mwenyewe imeishia juu ya vifundo vya miguu. Halafu unapiga magoti na kuwaombea wenye zambi kwa sauti ya puani ya kufika Munigi: «Bwana, umusamehe ule mama. Sisemi jina. Anakaa kwenye mulango ya bleu.» Tulicheka mpaka machozi. Na asubuhi yake ulikuwa kwenye misa, benchi ya nyuma, unasali kweli. Nilipokuuliza umemtoa wapi muzee yule, ulijibu: «Nilimutoa ndani yangu. Nikimuacha humu bila kumucheka, atanikalia.» Hakuna mahubiri yaliyonifundisha kuliko hayo.

Heritier hakuchoka kumbembeleza mama yake. Mwishowe mama akakubali, kwa sharti moja: «Ile jina sitaki kuisikia kwenye feti ya arusi.» Tukakubali. Lakini ningewezaje kuingia kanisani bila wewe? Nikachukua metre yako, ile ya njano iliyofifia, nikaifunga kwenye maua yangu ya arusi, chini kabisa, ndani ya utepe. Kwa hiyo ulinishika mkono, Papa. Wewe ndiwe uliyenileta.

Mlangoni utepe ukafunguka. Metre ikaanguka, ikajinyoosha miguuni pa mama mukwe. Watu wote waliitambua. Hata watoto wa kwaya walinyoosha shingo kuitazama. Mama mukwe akainama, akaiokota, akaikunjua polepole. Nikajisemea, sasa anaitupa, na arusi imekwisha.

Akapiga magoti, kitenge chake kipya chote juu ya vumbi, akapima pindo la robe yangu. Akainuka, akakunja uso sawasawa na wewe, akasema kwa sauti ile ile ya puani:

«Robe iko sawa. Lakini kuko mutu hapa pantalo yake imekosa santimetre tano. Sisemi jina. Anaoa leo.»

Papa! Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Padri alishika ukuta. Na mume wangu mupenzi, maskini, akatazama miguu yake, na kweli soksi zilikuwa zinaonekana zote!

Kisha mama mukwe akanifungia metre kwenye maua kwa mikono yake, akaninong'oneza kwamba kila Jumapili alikuwa anakutazama kwa jirani, mlango umefungwa. «Siku moja aliomba sawa na mimi kabisa, neno kwa neno, ni kama alinipima mimi. Nilikasirika, halafu nikacheka. Sikumusamehe kwa kunichekesha.»

Sasa ananiita binti yangu. Jana alinisaidia kusonga bugali, akaniuliza kaburi lako liko wapi.

Lala salama, Papa wangu. Nitaendelea kukucheka kwa sauti, na watoto wetu nitawafundisha kujicheka kwanza. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwako, sisi watatu, Heritier akiwa na pantalo mpya. Mama mukwe anabeba metre. Anasema atapima majani ya kaburi lako, na yakiwa marefu kupita kiasi, safari hii jina atalisema.

Binti yako, bibi arusi