Meza ya Samaki wa Bi Zuhura

Mutua mjukuu wangu,

Huku Machakos tuko sawa. Mama yako Mbithe amevuna mbaazi, na mimi bado nabishana na goti langu.

Umeuliza, mteja wako wa kwanza akija, uanzie wapi. Basi nikwambie ya Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa hapa mjini. Ilikuwa miaka ya tisini, nimefungua tu kibanda changu cha kuchomelea vyuma. Alikuja akasema, "Nataka meza ya samaki, kubwa, ya chuma."

Nikaitengeneza vile wauza samaki wa sokoni walivyopenda: imeinama upande mmoja ili maji yashuke kwa ndoo. Nilijivunia sana.

Alipoiona alishika kiuno. "Mama Mbithe, samaki wangu wako hai! Wanakaa kwa tangi la kioo, sebuleni!"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikakata miguu mirefu ikalingana na mifupi, nikachomelea vyuma vya kukingama kila upande, maana tangi likijaa maji ni mzigo wa kweli. Kabla ya kupaka rangi niliita wanaume wanne wa vibanda jirani, wakaketi juu yake wakanywa chai. Haikutikisika hata kidogo.

Tangu hapo hakuna kazi ya chuma inayonitisha. Lakini mtu akitaka meza ya samaki, kabla sijashika tepu ya kupimia namuuliza: wako hai?

Ni mimi bibi yako, susu wa Kikamba, na moto wa kuchomelea bado naushika.