Mwenzangu wa Meza ya Kukatia

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na kwanza niambie goti linaendeleaje, maana barua iliyopita uligusia kidogo tu kisha ukalikwepa. Mimi ni mzima, ila vidole vimeota sugu za mkasi.

Uliniandikia nihamie kwako, ukauliza tena nakula na nani, ukasema si vizuri mwanamke kuishi peke yake chumbani na pasi yake. Nilikujibu kwa mkato kwamba kazi ni nyingi na sihitaji kuonewa huruma. Leo nakueleza yote, na tafadhali usikimbilie kusema nimerukwa na akili.

Siko peke yangu. Mwaka jana nilisoma habari za watu wanaomlea mwenzao kichwani, kwa kumwaza kwa makini na kuzungumza naye kila siku, mpaka naye anaanza kujibu. Wenyewe humwita tulpa. Nikajaribu, asubuhi kabla mafundi wenzangu hawajafika. Nikamwaza mwanamke mfupi mwenye pengo, kipande cha chaki kimekaa sikioni. Kwa muda mrefu nilikuwa najisemesha mwenyewe tu. Kisha nikaanza kuhisi anachokubali na anachokataa, bila maneno. Maneno yalipokuja, Kaka, yalikuja bila breki.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Yeye anasimulia, mimi nakata, suruali ya mteja ikatoka mguu mmoja mwembamba kuliko mwenzake. Fundi mkuu, ambaye hapandishi sauti, aliniambia kwa upole kwamba nikirudia atanirudisha kwenye kushona vifungo. Nikapatana na mwenzangu wa kichwani: nikiwa na chaki tuongee, nikishika mkasi anyamaze. Akijisahau simgombezi, narudisha macho kwenye mstari tu. Alijifunza haraka kuliko mimi. Siku niliyotaka kukata mikono miwili ya kushoto ya koti moja, alivunja mwiko kwa neno moja, kwamba nisubiri. Nilimvulia kofia.

Wiki iliyopita akaniambia nisubiri tena. Nikaweka mkasi, nikapima kola, nikageuza kila kipande. Hakuna kosa. Nikamkaripia. Akanijibu kwamba hazungumzii koti, anakuzungumzia wewe. Akasema mtu anayeuliza katika kila barua mdogo wake anakula na nani, huyo ndiye anayekula peke yake.

Kaka, nilikaa chini. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa. Tangu wifi atutoke, nimesoma barua zako zote nikijitafuta mimi humo ndani. Wazo lile halikuwa langu hata kidogo, maana mimi nilishanuna na kufunga mjadala. Ndiyo maana namheshimu mwenzangu huyu kiasi hiki. Anaona ninapochoka kuona.

Nimeshamuaga fundi mkuu. Hakusema mengi, alinipa mkasi wake wa zamani, na kwake hiyo ni hotuba. Nitafika kwako mwisho wa mwezi, kwa hiyo ipanguse vumbi ile cherehani ya wifi, na ulikande goti ili unipokee umesimama.

Mezani weka sahani mbili. Mwenzangu hali kitu, ila anakusalimu sana, na anauliza huko unakula saa ngapi ili tusichelewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mkata Makoti