Firigisi ya Mwisho Duniani

Baba Neema mpenzi,

Mama yako anakusalimu kutoka hapa Isecheno. Mvua ya jana iliangusha mti juu ya nyaya, stima ikapotea, nami nikakaa jikoni kando ya moto nikisoma ile riwaya ya dunia iliyokwisha, unayosema itanitia wazimu. Mama akataka kujua inasema nini. Nikamweleza: miji imekufa, waliobaki wamepata kuku mmoja, na wanagawana sawasawa, wanawake kwa wanaume.

Mwiko ukasimama ndani ya obusuma, ugali aliokuwa akisonga. "Na firigisi walipea nani?"

"Kitabu hakisemi, Mama."

"Basi hao watu walikuwa wameisha zamani," akasema kwa huzuni ya kweli.

Kisha akaopoa firigisi ya kuku wetu chunguni, akaifunga kwa jani la mgomba nikuletee Nairobi, kwa sababu wewe ndiye mwanamume wa boma, na kwetu mwanamke hali firigisi.

Huwa unaniuliza utamu wa vitabu hivi ni nini. Ndio huo: dunia ikishakwisha, hata mimi nakula firigisi.

Jifunike vizuri, baridi ya huko haina huruma. Mama akikuuliza, mwambie ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu sana, mume wangu.

Wako,
Mama Neema