Swichi ya Landrova ya Baba

Jumapili, 4 Mei

Chai, mkate wa jana, kisha chini ya dashibodi tena. Siku ya tatu hii. Shingo inauma, na bisibisi imenidondokea puani mara mbili.

Swichi ya zamani imetoka. Ile ya pamoja: tundu la funguo katikati, kishikio cha taa kinalizunguka. Chumvi ya bahari imeila mpaka ndani. Marehemu baba aliizungusha kila alfajiri akienda kukusanya korosho Lunga Lunga, miaka na miaka, na leo imevunjikia mkononi mwangu kama biskuti. Nimeumia moyoni. Nimeifunga kwenye leso na kuiweka kabatini.

Nitaweka swichi mbili mpya: moja ya funguo, moja ya taa kubwa. Kazi ya asubuhi moja. Nimefunga umeme hotelini Diani miaka thelathini mpaka nikastaafu. Nitashindwa na gari?

Mke wangu Mejumaa amepita na sufuria kichwani kujikinga mvua, anakohoa. Anapikia nje, chini ya makuti yanayovuja, kwa sababu banda letu pekee la mabati limekaliwa na Landrova. Nimejifanya sikumwona.

Jumatatu, 5 Mei

Mejumaa amesema. Kwa upole, na hapo ndipo ubaya ulipo. Bwana Mutua, mtu wa bara, mkuu wa bustani katika hoteli moja huko Diani, anaitaka Landrova aiweke langoni. Aijaze udongo, apande maua. Maua! Kwenye kiti cha baba!

Nilifoka. Mejumaa akangoja nimalize. Kisha akasema masika yameingia, kuni zimelowa, moshi wa kuni mbichi unamwua kifua, na lile gari halijatoka bandani tangu baba alipofariki. Yote kweli. Nikaapa: ikifika Jumamosi haijawaka na kutoa taa, Mutua aje na lori lake.

Ulimi huu! Nani aliniuliza?

Jumanne, 6 Mei

Nyaya. Zote zimevikwa kitambaa na zote zimegeuka rangi ya vumbi. Nimezipima moja moja kwa balbu na kuzitia alama za tepu: pete moja waya wa betri, mbili wa koili, tatu wa stata, nne wa taa. Raha ya kazi imenirudia. Kufikia adhuhuri swichi zote mbili zimekaa mahali pake.

Nimeweka betri mpya. Upande mwekundu, yaani chanya, kwenye nyaya; mweusi, hasi, kwenye bodi ya gari. Klampu ya bodi, kibanio cha waya wake, ilipwaya kwenye kichwa cha betri, nikaijazia kipande cha bati la kopo la maziwa. Nyingine ilikuwa ndogo mno, nikaipanua kwa nyundo. Mafundi wa zamani sijui walikuwa wakipima kwa kipimo gani. Kesho nawasha.

Jumatano, 7 Mei

Imewaka! Nilizungusha funguo mara mbili tu. Banda zima likatetemeka, kuku wakatawanyika, nikapiga kelele peke yangu. Taa kubwa zikamulika ukuta. Nikakanyaga mafuta.

Moshi. Kidogo, kisha mwingi, kutoka kwenye kisanduku cha chaji, kile kinachopitisha umeme wa injini kwenda kwenye betri. Harufu ya mpira unaoungua. Niling'oa waya wa betri kwa mkono mtupu, kiganja kimebabuka. Mshale wa chaji pale dashibodi niliuona umelala upande usio wake. Nilidhani mshale wenyewe ndio mbovu.

Mejumaa alikuja mbio na ndoo ya mchanga. Akaitazama betri. Akaitazama tena, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaenda kunikatia mshubiri wa kupaka kiganjani.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefumua kila kitu na kufunga upya. Swichi ya funguo sawa. Ya taa sawa. Koili sawa. Nyaya zilizoungua nimezibadilisha, kisanduku nimekisugua kwa msasa. Nikawasha.

Moshi. Mapema kuliko jana.

Nimekaa chini kwenye mchanga wa banda. Naandika wazi kwa kuwa hakuna asomaye: nililia. Baba alinifundisha kuendesha ndani ya gari hili. Siku aliyofariki nilikuwa zamu hotelini, sikumuwahi. Nikikaa kwenye kile kiti nakaa alipokaa, basi, sina pengine.

Neno ni neno. Nimempigia simu Mutua. Aje Jumamosi saa nne.

Ijumaa, 9 Mei

Nimetoka msikitini, Mejumaa ananingoja kwenye mlango wa banda.

"Nyekundu yaenda kwenye bodi, Baba Rama. Nimejua tangu juzi."

Nikamkodolea macho. Akasimulia. Alipokuwa bibi harusi mpya hapa kwetu, baba alibadilisha betri katikati ya mvua, akamwita amshikie mwavuli. Akamwambia gari hili limezaliwa kinyume: nyekundu bodi, nyeusi nyaya, na atakayejitia kujua zaidi yake ataliunguza. Mejumaa hakusahau. Jumatano aliona kosa langu akanyamaza, kwa sababu alilitaka banda. Jana aliniona nikilia, kupitia tundu la mabati. Usiku hakulala, asema.

Nilikasirika? Nilikasirika. Siku mbili za moshi, kiganja kizima kimebabuka! Kisha nikazikumbuka zile klampu, hasira ikaniishia. Kichwa cha chanya cha betri ni kinene kuliko cha hasi. Klampu pana ilikuwa ya bodi tangu mwanzo, ilikuwa ikiniambia, nami nikaiziba mdomo kwa bati la kopo. Mtu mzima, fundi wa hoteli! Kwenye umeme wa nyumba waya mwekundu ndio wenye moto, kwa hiyo sikuuliza mtu. Yeye alinyamaza siku mbili. Mimi nimemnyamazia masika matatu na kikohozi chake.

Nikageuza betri. Bati la kopo nikalitupa. Sehemu za kisanduku zilizogandana nikazitenganisha kwa tupa, nyaya mbili zilizoungua nikaweka mpya. Mejumaa alisimama kando yangu na mwavuli mkononi, ingawa banda halivuji hata tone.

Alasiri nikawasha. Ikanguruma. Nikavuta swichi ya taa, zikawaka. Nikakanyaga mafuta, macho kwenye kisanduku. Mshale ukalala upande wake. Hakuna moshi. Nikangoja. Hakuna moshi.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Nikaupapasa mlango wa gari.

Nimempigia Mutua nimwambie asije, simu yake haipatikani.

Jumamosi, 10 Mei

Lori lilifika saa nne kamili na vijana wa kupakia. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha baba tangu saa mbili. Nikawasha, nikarudi nyuma taratibu, nikatoka bandani mchana kweupe, taa kubwa zinawaka. Vijana wakapiga makofi. Mutua ni muungwana: akaomba akae ndani kidogo, akapiga honi, akasema, "Sawa mzee, lakini ukichoka nayo unishtue." Mejumaa akamjibu maua ayapande kwenye lori lake. Tukacheka wote.

Walipoondoka sikulirudisha gari. Nimeliegesha kando ya mkorosho, nikalifunika turubai. Gari linalotembea halihitaji nyumba. Ningeweza kufikiri hivyo tangu mwanzo, badala ya kumwacha mke wa watu analowa. Nimeona haya, na nimemwambia hivyo hivyo.

Alikwenda kuleta mafiga, moja moja, akayapanga katikati ya banda pale penye doa la oili.

Jumapili, 11 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kuni kavu. Mlango mpana wa banda uko wazi, moshi unatoka wenyewe.

Swichi ya baba nimeitoa kabatini na kuitundika kwa msumari juu ya rafu ya sufuria. Mejumaa amekubali. Ataka nimpeleke Msambweni kwa dada yake mvua ikipungua.

Nimekwenda mara mbili kuitazama betri. Mara ya pili alinipa mwavuli.

Nimekaa naye jikoni mpaka chai ya pili. Tangu asubuhi sijamsikia akikohoa.