Kompyuta Mbili Zinasema Mke Wangu Yu Hai

Jumatatu hii ya leo, ndugu yangu, ndiyo siku ofisi ya maji ilipomfufua mke wangu.

Sitanii. Wametukatia maji, nikaenda kuhamisha mita, iliyo kwa jina la marehemu, iwe kwa jina langu. Dirisha la kwanza binti akasema, "Pole mzee, mama alishafariki. Nenda dirisha la pili wakumalizie." Dirisha la pili: "Mama yu hai. Aje mwenyewe aweke kidole."

Aje mwenyewe! Shemeji yako, tuliyemzika mimi na wewe!

Nikapelekwa kwa mkubwa wao, tai shingoni. Eti wana kompyuta tatu zinazogawana kazi ili foleni isiwe ndefu, na zinatakiwa kupashana habari. Ya kwanza ilipata habari za msiba, ikakaa nazo kimya. "Sasa mzee, mbili zinasema yu hai, moja inasema amefariki. Mfumo hufuata zilizo nyingi."

Wamempigia kura marehemu! Na hao ndio wasomi!

Nimerudi nyumbani, ndoo tupu zimenikodolea macho. Kabla ya kuondoka nilimuuliza yule mkubwa: mimi niliyemshusha kaburini kwa mikono hii, kura yangu inahesabiwa wapi?