Nimelitunza Jitu la Filamuni, Sasa Posa ya Shoga Yangu Imekwama

Bi Kidawa, mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijauhama mtaa, maana tangu Jumapili ile hata nikienda dukani kununua chumvi najifunika mpaka puani.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Mkunazini, na nina shoga yangu niliyesoma naye chuo cha Kurani tangu tuna miaka sita, nitamwita Thuwaiba, si jina lake, na mume wangu nitamwita Haroub. Miezi miwili nyuma mume wangu akaanza kunong'ona na simu, nikitokea anakata, na mara mbili nimewakuta yeye na Thuwaiba wamesimama pembeni mwa duka la mikate, wakiniona wanaanza kuzungumzia mvua, na mvua yenyewe haipo, halafu siku moja tunakula akaniuliza bila haya, "Ati Thuwaiba huvaa kiatu namba ngapi?" Bi Kidawa, wewe ungefikiria nini?

Nikamtajia namba, nikaendelea kupakua wali. Ikafika Jumapili ile, wasichana wa mtaani wakakodi ukumbi, wakatuonyesha filamu alasiri, wanawake peke yetu, nami nikadhani ni ya mapenzi. Lahaula! Ni mambo ya miaka mia tatu ijayo, jua limezimwa, bahari imekauka, watu wanaishi ndani ya matangi, na kuna jitu la kike, nusu mtu nusu mashine, lenye meno ya msumeno, linakula maini ya watu, na kila anayeliwa anaimba kwanza, tena beti tatu, utumbo uko nje na sauti haitetereki. Nusu ya ukumbi wamejifunika mitandio, nusu wanacheka, mimi natafuta viatu vyangu niondoke. Mara muziki ukatulia, lile jitu likaanza kumwimbia shoga yake, na maneno ya Kiswahili yanapita chini:

"Nilikupa sebule, macho ukatupa chumbani,
Nilikupa kijiko, mkono ukatia chunguni."

Sijui nani aliniinua. Nikatoa noti ya elfu kumi, nikaipeperusha juu, nikaenda mbele kwa madaha kama tunavyokwenda kumtunza mwimbaji kwenye taarabu, na kwa kuwa jitu halina mkono wa kupokea nikaibana noti kwenye kile kitambaa cha filamu kwa pini ya mtandio wangu, kisha nikageuka, nikamtazama Thuwaiba, safu ya tatu, nikamzungushia mkono. Vigelegele ukumbi mzima! Vichwa vyote vikamgeukia yeye. Nami nikatoka zangu, nimeshinda, sikungoja hata mwisho.

Haroub alinikuta nyumbani najipepea, habari zimeshamfikia. "Umefanya nini weye? Mie nnampelekea posa! Tahir wa Kizimkazi kaniomba niwe mshenga, wakataka iwe siri mpaka barua ijibiwe. Viatu vya sanduku la harusi vile!"

Sasa mama yake Tahir amesema posa isimame, hawezi kumwoza mwanawe kwa mwanamke anayetunziwa mafumbo ya waume za watu. Thuwaiba hapokei simu zangu. Haroub anakula kwa mama yake. Lakini Bi Kidawa, mimi sikumtaja mtu jina, nilitunza filamu tu. Ninyamaze mpaka yapoe?

Mimi niliyetunza, Mkunazini

BI KIDAWA ANAJIBU

Mwanangu, ngoja kwanza nimalize kucheka, maana nami nilikuwepo, safu ya pili. Noti yako ilibaki chini ya pua ya lile jitu mpaka mwisho, kila likifungua kinywa unadhani lina mafua. Na majina umeyabadilisha bure, mji mzima unayajua.

Haya, nimemaliza. Mume anayeuliza namba ya kiatu cha mwanamke mwingine huku anakula wali wako anastahili kusemwa, na mwambie nimesema kazi ya ushenga hana kipaji nayo. Uliumia, nakuelewa. Lakini ulikuwa na kinywa cha kumuuliza mumeo, na ulikuwa na miguu ya kwenda kwa Thuwaiba. Hukuvitumia, ukaenda kubana pini.

Hilo la "sikumtaja jina" kamwambie mtalii. Sisi tumekulia kwenye taarabu, tunajua anayetunza anamtunzia nani. Ulimtazama mtu mmoja na ukumbi ukasoma.

Tena ungengoja, ungejua ulimtunza nani. Lile jitu lilimla maini shoga yake kwa dhana kama yako, kisha likagundua hakuwa na kosa lolote. Likabaki peke yake ndani ya tangi, likaimba wimbo wa mwisho, na hakuna aliyebaki hai wa kuusikiliza. Nililia, sikufichi. Wewe wakati huo uko kwako unajipepea.

Shoga yako yuko hai, mshukuru Mungu. Kesho nenda kwake kwa miguu, simu iache. Asipofungua, kaa barazani kwake mpaka afungue, na wapitao wakuone. Kisha shika njia ya Kizimkazi wewe na Haroub na mama mkwe wako, umwambie mama yake Tahir kwa kinywa chako: "Wivu ulinipanda, nikamsingizia mtu asiye na kosa." Usitie "lakini" mwishoni. Posa kurudi sina dhamana nayo. Jina la Thuwaiba ndilo ulilolivunja, na hilo ni lako kulijenga.

Wasichana wanairudia filamu Jumapili ijayo. Mwombe Thuwaiba aje, akikubali. Ukifika wimbo wa mwisho, simama na noti yako, tembea kwa madaha yale yale mbele ya wanawake wale wale, lakini usielekee kwa jitu. Nenda safu ya tatu, mtunze Thuwaiba mkononi, umtake radhi kwa sauti ya kusikika. Kisha kaa karibu naye, na safari hii usitafute viatu kabla taa hazijawashwa.